Nyumba ya mawe na masika: yatoe maji kabla hayajaingia ukutani

Masika yakikaribia, simu za mafundi waashi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar huanza kulia, na karibu kila anayepiga husema lile lile: "Fundi, njoo unipigie lipu, ukuta unabanduka." Mimi huuliza kwanza kama amepanda juu ya paa. Wengi hawajapanda. Wanakaa orofa ya kwanza, paa liko juu ya orofa ya tatu, na ufunguo wa mlango wa juu anao mpangaji mwengine. Basi tuanze huko juu, kwa sababu fedha yote utakayotia kwenye lipu itadondoka pamoja nayo ikiwa maji bado yanashuka ndani ya ukuta.

Nawaandikia wenye nyumba, wapangaji, na wanaoangalia nyumba za urithi au za wakfu. Nazungumzia nyumba za Unguja kwa sababu ndizo ninazozifanyia kazi, lakini aliyeko Lamu au Mombasa ya Kale atazikuta kuta zile zile na boriti zile zile.

Kwanza ujue ukuta wako umejengwaje. Jiwe la matumbawe lina vitundu vingi. Fundi wa zamani alipanga mawe makubwa kidogo upande wa nje na upande wa ndani, katikati akajaza vijiwe, na vyote akavishika kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu. Unene wake ni nusu mita au zaidi. Ukuta wa namna hii hupokea maji na huyatoa. Yaliyoingia wakati wa masika hutoka kipupwe kikivuma, na ndiyo maana nyumba nyingi zimevuka miaka 100 bila ya kuwa na kitu chochote cha kuzuia unyevu. Kulowa kwa mvua si ugonjwa kwake. Kinachouumiza ni maji mengi kumiminika mahali pamoja, siku baada ya siku, kisha ukafunikwa kwa saruji au rangi ya mafuta usiweze kukauka. Hapo maji huchukua chokaa na udongo wa katikati, hubakia matundu, vijiwe huteremka, na upande wa nje huanza kutoa tumbo.

Na maji yenyewe si kidogo. Mvua ya milimita 1 juu ya mita ya mraba 1 ni lita 1. Paa la mita za mraba 120 likipata mvua ya milimita 50, jambo ambalo mwezi wa Aprili si ajabu hata kidogo, limeshapokea lita 6,000. Zote hizo zitapita kwenye mchirizi mmoja na mabomba mawili. Bomba moja likiziba, fikiria nusu yake inakwenda wapi.

Juu ya paa

Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilikuwa na paa bapa: boriti, juu yake mawe, juu yake zege ya chokaa iliyopondwa mpaka ikakazana. Baadaye yakawekwa mabati ya mteremko juu ya paa lile, na kwa kuwa kuna ukuta mfupi unaozunguka ukingoni, maji ya mabati huangukia kwenye mchirizi uliojificha nyuma ya ukuta huo. Aliye njiani hauoni. Mimi huuendea huo kabla ya kitu chengine chochote.

Utakuta majani, mchanga, mifuko ya plastiki, mpira wa watoto, na viota vya kunguru. Kunguru wetu hawa hujengea waya na vipande vya chuma, na waya ule ukianguka kwenye mdomo wa bomba unashika kila kinachokuja nyuma yake. Vaa glavu, chukua ndoo na mwiko, uzoe taka uzishushe kwa kamba. Usizisukume kwenye bomba ukitaraji mvua itazimalizia. Kazi hii ifanye mwishoni mwa Februari kabla ya masika, na tena mwishoni mwa Septemba kabla ya vuli. Kama kuna mti karibu, ongeza mara moja katikati ya masika, siku ya jua.

Ukishasafisha, mwaga ndoo ya maji upande ulio mbali na bomba ukatazame. Maji yanatakiwa yaende yenyewe mpaka yaishe. Yakibaki yametuama, mteremko umekufa: pengine papi, ule ubao wa chini, imeoza na mchirizi umelala, au kuna mtu amejaza saruji kuziba tundu akafanya kizingiti. Sentimita 1 ya kushuka kwa kila mita 1 inatosha. Kisha mweke mtu chini ya bomba, umwage ndoo mbili kwa mpigo. Akiona yanatoka kidogo kidogo, bomba lina kitu. Akiona hayatoki kabisa na hayarudi juu, basi yanaingia ukutani, na hapo pana kazi.

Kuna jambo moja la bei ndogo ambalo ningeliweka kwenye kila nyumba ya mji huu kama ningelikuwa na uwezo. Toboa ule ukuta mfupi wa juu, chini kidogo ya kimo ambacho maji ya mchirizi yangeanza kuingia ndani ya nyumba, upachike bomba fupi linalotokeza nje angalau sentimita 30, mahali ambapo chini yake pana mtaro na si baraza ya mtu. Siku mchirizi ukiziba, maji yatatemwa njiani kila mtu ayaone. Jirani atapiga kelele, nawe utapanda juu siku hiyo hiyo. Bila ya tundu hilo utajua baada ya miezi sita, lipu ya chumbani ikishaanguka.

Mabati yakague kutokea ndani. Ingia darini saa sita mchana, zima taa, funga mlango, tulia mpaka macho yazoee giza. Kila tundu la msumari litawaka kama nyota. Liwekee alama ya chaki kwenye mbao iliyo karibu. Juu ya paa kanyaga kwenye mistari ya misumari tu, kwa kuwa chini yake ndipo penye mbao; bati lililoliwa na chumvi ya bahari halikuhimili. Misumari iliyolegea ing'oe uweke yenye mpira. Lami ya kupaka itakuvusha masika mamoja, lakini jua likiipiga hupasuka, na watu wakiiona nyeusi juu ya ufa huamini wamemaliza.

Pale bati linapokutana na ukuta, mafundi wengi hupaka saruji kwenye ile kona. Bati hutanuka kwa jua na kunywea usiku, saruji haiwezi kulifuata, na ufa wa unene wa unywele hutosha kupitisha maji usiku kucha. Chonga mfuo ndani ya ukuta wa kina cha sentimita 2 au 3, ingiza ukingo wa bati la kufunikia ndani yake, uubane kwa vijiwe, kisha ujaze chokaa. Kichwa cha ule ukuta mfupi nacho kifunike kwa chokaa iliyoinama kuelekea mchirizini, maji yasitiririke juu ya uso wa nyumba.

Miche

Ndege hula matunda ya miti ya jamii ya mkuyu na kuziacha mbegu kwenye nyufa. Mche ukiwa na majani mawili matatu, ung'oe kwa mkono, umalize. Ukishakuwa na shina la unene wa kidole, usiuvute. Mizizi imeshapita katikati ya mawe, na ukivuta utang'oa ukuta. Ukate karibu na jiwe, shina lililobaki ulipake dawa ya kuua miti mara tu baada ya kukata, usubiri mzizi ukauke kabisa, ndipo uondoe kinachoondoka na kujaza tundu kwa vijiwe na chokaa. Kukata bila ya dawa ni kuupogoa. Utachipua wenye nguvu zaidi.

Bomba na ukuta wa chini

Bi mkubwa mmoja wa mtaa wa Kiponda, humu humu Mji Mkongwe, aliniita kwa sababu ya chumba chake cha chini. "Fundi, ukuta wangu unatoka jasho," aliniambia, "na mwaka huu limefika mpaka kwenye kabati." Alikuwa ameshapigiwa lipu ya saruji, na juu yake rangi ya mafuta. Nilipogonga kwa kifundo cha kidole, nusu ya ukuta ililia wazi. Kila aliyekuja kabla yangu alisema unyevu unapanda kutoka ardhini. Lakini unyevu wa ardhini hushika kando yote ya chini na hupungua unavyopanda; huu ulikuwa mkanda mmoja wa wima, wenye upana wa mikono miwili, unaokwenda moja kwa moja mpaka dari. Tukaufuata orofa hadi orofa, nyuma ya makabati ya watu, mpaka juu. Bomba la kushushia maji lilikuwa limejengewa ndani ya ukuta, limekatika kwenye kiungo, na mvua ya paa zima ilikuwa inamwagika katikati ya mawe, orofa mbili juu ya kitanda cha bibi yule.

Kwa hiyo bomba lolote lililozikwa ukutani lizibe juu uliache, uweke jipya nje. Lisigusane na ukuta: acha nafasi ya sentimita 5 kwa vishikio, ili likivuja ulione na ukuta upate hewa. Chini lisiishie hewani likirusha maji kwenye msingi. Liwekee kiko, kile kipande cha bomba kilichopinda, cha kupeleka maji mtaroni. Na usisubiri mvua ili uone bomba linafanya kazi. Ndoo unayo.

Umbo la alama ya maji ndilo linalokuambia yanatoka wapi. Mkanda wa wima ni bomba au mchirizi. Duara linalokua kwenye kona ya dari ni mwisho wa boriti au kiungo cha bati. Alama chini ya dirisha ni kizingiti kinachoinamia ndani. Kando yote ya chini ni ardhi au mtaro. Na alama inayolowa hata siku za kiangazi si mvua: tafuta kipozahewa cha jirani kinachodondokea ukutani, au choo cha juu, au tangi. Hilo tangi nalo, la lita 1,000 likijaa lina uzito wa tani 1, na paa la boriti halikujengwa kwa ajili yake.

Boriti

Mwisho wa boriti umezama ndani ya ukuta, na ndiyo sehemu inayooza kwanza kwa sababu haionekani. Chukua bisibisi, panda ngazi, uisukume kwenye boriti pale inapoingia ukutani, hasa chini ya mchirizi na chini ya vyoo. Mti mzima utaikatalia ncha isipite milimita chache. Ikizama mpaka nusu bila ya wewe kutia nguvu, weka nguzo chini yake leo, kisha ita fundi. Jirani yake mbili za kila upande nazo zikaguliwe, kwani maji hayachagui moja. Anayebadilisha boriti asiujengee mwisho wake kwa saruji. Auache upate hewa kidogo, na kujazia iwe kwa chokaa. Chuma cha reli au nondo kikiingizwa badala ya boriti kwenye ukuta wenye chumvi, hushika kutu, huvimba na kupasua mawe.

Chokaa, na wakati wake

Watu hutaka lipu Februari kwa sababu wanaiogopa Machi. Februari ni mwezi mbaya kwa chokaa. Jua la kaskazi huikausha kwa siku moja, nayo inahitaji kukauka polepole ili ivute hewa ya kaboni na kugeuka jiwe tena. Februari fanya paa, michirizi na mabomba. Masika yaache yapite, ukuta upumzike, kisha piga lipu kuanzia Juni hadi Septemba, kipupwe kikiwa kinapuliza.

Lipu ya saruji inayolia wazi ukiigonga iondoe kwa nyundo ndogo na tindo. Iliyoshika kwa nguvu usipigane nayo peke yako, itaondoka na uso wa jiwe. Mwachie fundi aliyeizoea. Ukuta uliofunuliwa uache wazi wiki kadhaa. Utaona chumvi nyeupe inatoka. Ipanguse kwa brashi kavu, uizoe kwenye karatasi uitupe mbali. Usiioshe kwa maji, utairudisha ndani.

Chokaa ya tanuu iliyolowekwa miezi mitatu au zaidi ndiyo bora. Ukipata ya mfuko tu, iwe ya ujenzi, uiloweke kwenye pipa angalau usiku mmoja na iache siku kadhaa ukiweza. Chokaa ambayo haijaguswa na maji tangu itoke tanuuni huchemka: tia chokaa kwenye maji kidogo kidogo, kamwe usimwage maji juu ya chokaa, na vaa miwani. Ikiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi papo hapo na uende hospitali. Watoto wasikaribie pipa.

Mchanga uwe wa shimo, msafi, usio na udongo mwingi. Wa pwani una chumvi, na chumvi hiyo utakuwa umeinunua mwenyewe ukaiweka ukutani. Changanya chokaa 1 kwa mchanga 3, uponde na kugeuza kwa koleo muda mrefu kuliko unavyodhani inahitajika, bila ya kuongeza maji kila dakika. Ikipondwa hulainika yenyewe. Lowesha ukuta kwanza. Matundu makubwa yajaze vijiwe vya matumbawe vilivyoshikwa na chokaa kidogo, kwa sababu chokaa nene peke yake hupasuka. Kila tabaka liwe la sentimita 1 hivi. Subiri mpaka dole gumba lisiweze kubonyea lakini ukucha bado unaweza kukwaruza, ndipo uweke la pili. Tundika magunia yaliyoloweshwa mbele ya ukuta na uyanyunyizie asubuhi na jioni kwa wiki nzima. Mafundi wengi huiruka hatua hii kwa sababu mwenye nyumba halipi siku za kunyunyiza maji. Zilipe.

Na tafadhali, usimruhusu mtu atie "saruji kidogo tu ishike." Inashika kweli, na inaziba.

Chini

Njia inapoinuliwa kwa matengenezo ya miaka mingi, sakafu yako hubaki chini yake na maji huelekea mlangoni. Huwezi kuishusha njia, lakini mtaro ulio mbele ya nyumba yako unaweza kuuweka wazi, na baraza unaweza kuipa mteremko wa kutoka ukutani kwenda nje. Usimwage zege kuzunguka msingi mpaka likagusa ukuta: maji ya ardhini yakikosa pa kutokea yatapanda. Kwenye uwanda wa ndani, fungua kifuniko cha shimo la maji uzoe mchanga kabla ya masika.

Ruhusa na hatari

Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na kazi za ujenzi zina ruhusa yake. Kabla ya kubadilisha paa, kutoboa ukuta au kuondoa lipu ya nje, nenda kwenye Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe ukiwa na picha. Usione ni usumbufu. Kuna watu pale wanaojua chokaa. Kusafisha mchirizi hakuhitaji kibali cha mtu.

Ufa unaokua ni jambo jengine kabisa. Weka alama ya penseli kwenye ncha zake mbili na uandike tarehe. Ukipita alama, au ukuta ukianza kutoa tumbo, au mchanga ukawa unamwagika wenyewe kutoka kati ya mawe, hama chumba hicho na chumba kilicho chini yake, kisha ndipo utafute fundi na mhandisi. Beit al-Ajaib, jumba la sultani la mwaka 1883 hapa Mji Mkongwe, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Disemba 2020, mchana, na watu wakapoteza maisha. Nyumba ya mawe hutoa dalili kabla, lakini haikuambii siku.

Kama yako haijafika huko, malizia kwa kupaka chokaa nje. Ichuje kwa kitambaa, iwe nyepesi kama maziwa, lowesha ukuta, upake tabaka nne au tano nyembamba, moja kwa siku. Ya kwanza itaonekana kama hujapaka kitu. Usiifanye nene kwa sababu hiyo, itageuka unga. Ikishakauka, piga picha ya kila ukuta kutoka pale pale utakaposimama mwaka ujao, na uandike nyuma yake au kwenye simu ni upande gani wa nyumba. Mwezi wa Juni, mvua zikiisha, ndizo picha utakazomwonyesha fundi.